Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Orrin

Viroqua, Wisconsin
4 Desemba 1979

Mwanangu Ardis,

Salamu za Krismasi. Mimi mzima, ila magoti yameanza kunigomea. Kwenye kifurushi utakuta mikate ya viazi na kipande cha jibini. Usiwagawie wauguzi wenzako kama mwaka jana. Nimekutumia wewe.

Palmer, mpwa wangu, amemuuza ng'ombe wa mwisho wa ukoo wa Mke wa Mchungaji. Jina hilo sijawahi kukutajia, naona haya. Orrin wangu ndiye aliyempa ng'ombe huyo jina hilo, kwa sababu alikuwa akikupiga teke huku anakutazama kwa upole. Zizini walikuwa kumi na mmoja na wote aliwapa majina yeye. Alipokuwa mdogo, akikosa usingizi nilimwambia, "Wataje kwa zamu ya kukamuliwa," na hakuwahi kufika wa mwisho. Nilimwapisha asilitoe jina hilo nje ya zizi, maana Bi Sather, mke wa mchungaji mwenyewe, hukaa benchi la mbele yetu kanisani mpaka leo. Siku hizi ni mjane.

Bado kila Alhamisi natazama Hema Namba Saba kwenye televisheni. Najua hukipendi kichekesho hicho. Mimi nacho kinanishangaza, vita vyenyewe vya Korea miaka mitatu, kipindi kinakwenda mwaka wa saba. Lakini ni hema, ni matope, ni machela, na wewe uliniandikia kwamba ndivyo palivyokuwa. Simtazami daktari na mizaha yake. Nawatazama wale wanaopita nyuma.

Barua yako ya mwaka 1951 iko palepale, ndani ya Biblia. "Orrin hakupata maumivu. Aliondoka papo hapo, kabla hajafikishwa kwetu." Kwa maneno hayo nimelala miaka ishirini na minane, mwanangu. Mungu akulipe.

Mama yako wa Viroqua,
Borghild Tveten


Los Angeles, California
15 Januari 1980

Kwa Luteni Ardis Kolbeck (mstaafu),

Shikamoo Luteni! Usishtuke, jeshi halikuiti tena. Naitwa Sheldon Rifkin, ni mmoja wa wale wahuni wanaoandika Hema Namba Saba. Vita nilivyopigana mimi ni vya kugombea maegesho ya studio.

Utaratibu wetu ni huu: kila mwaka tunawapigia simu madaktari na wauguzi waliokuwa Korea, wanaongea, tunarekodi. Nusu ya mambo yanayochekesha watu nchi nzima hatukuyabuni, tumeyaokota kwenu. Sasa tumeokota mpaka tumefika kwenye sakafu. Daktari mmoja wa kikosi chenu ameniambia, "Mtafute Kolbeck. Haongei, lakini akiongea, kaa chini."

Nimeshakaa chini. Nikupigie lini?

Sheldon Rifkin


Davenport, Iowa
9 Februari 1980

Bwana Rifkin,

Sijui ulinitilia nini kwenye ile simu. Saa mbili nzima! Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitoa maneno mengi hivyo kwa miaka kumi na sita ya ndoa.

Yale ya jenereta na nguo za ndani za kanali, tumia utakavyo. Nakuandikia juu ya yule kijana wa Wisconsin.

Unajua sasa kwa nini tulitundika shuka mwisho wa hema la mapokezi. Machela zikifika thelathini na meza ziko nne, lazima mtu aseme nani kwanza. Wa kupona haraka, mbele. Wa kusubiri, pembeni. Wa kula saa tatu za daktari na pengine afe vilevile, nyuma ya shuka. Siku ile aliyekuwa akisema ni mimi. Nilimtazama yule kijana jeraha la tumbo, nikasema, "Shuka." Nilikuwa na miaka ishirini na tano.

Akaishi saa mbili zaidi ya nilivyodhani, akiwataja ng'ombe wa kwao. Nami nikamwandikia mama yake kwamba alikufa papo hapo. Tuliandika hivyo kwa mama wote. Hakuna aliyetufundisha, tuliambukizana tu. Ila mama huyu alijibu, na hajaacha kujibu. Kila Krismasi ananiita mwanangu. Kipindi chenu hakimpiti.

Ningetakiwa nikuambie jambo hili ulifute kwenye kanda. Usilifute. Nimelibeba peke yangu muda mrefu na nataka nimsikie mtu mwingine akilisema kwa sauti, hata kama ni mwigizaji aliyepakwa poda. Lakini nina masharti. Jina lisiwe lake. Asitoke Wisconsin. Ng'ombe uwabadilishe majina, wote, hasa Mke wa Mchungaji, maana hilo linajulikana zizi moja tu duniani. Na mtu asicheke. Vile vicheko vyenu vya kanda, vya watu wasioonekana, visisikike hata kimoja.

Ardis Kolbeck


Los Angeles
3 Machi 1980

Luteni wangu,

Nimeisoma barua yako mbele ya wenzangu kwenye chumba cha kuandikia. Watu sita, wote midomo wazi nyakati zote, na wote wakaweka kalamu chini. Hilo halijatokea tangu chakula cha mchana kilipochelewa mwaka 1977.

Kijana sasa anaitwa Danny, wa Nebraska, nywele nyeusi. Ng'ombe wanapata ubatizo mpya. Wakili wetu anapitia kila jina, maana tulishashitakiwa na kanali mmoja. Kuhusu vicheko, lala usingizi: tuna mapatano na kituo cha televisheni, palipo na damu hapachekwi. Tulipigania hilo miaka miwili.

Yule muuguzi atamshika mkono mpaka mwisho, kama ulivyosimulia. Mwigizaji wetu alilia aliposoma, na huyo halii, anaogopa kuharibu kope.

Wako,
Shelly


Viroqua
12 Oktoba 1980

Mwanangu Ardis,

Palmer ameninunulia televisheni ya rangi. Kumbe nyasi za Korea ni kijani kama zetu! Kina mama wa kanisa wakasikia, sasa kila Alhamisi jioni wako hapa saba, na Bi Sather amejitwalia kiti changu. Wanakunywa kahawa yangu na kunong'onezana juu ya yule daktari mrefu, vibibi vizima. Mimi nakaa karibu na kioo cha televisheni.

Alhamisi iliyopita walikuwa wanabishana kama wauguzi wa kweli walikuwa na huruma vile. Nikasimama, nikatoa barua yako kwenye Biblia, nikawasomea. Bi Sather alilia. Nimewaambia siku moja utakuja uketi nasi. Utakuja?

Mama yako,
Borghild


Los Angeles
10 Novemba 1980

Luteni,

Mgomo wa waigizaji ulituchelewesha, lakini sasa kimeiva: Alhamisi tarehe 20. Kinaitwa "Zamu ya Kukamua". Nimeandika vipindi thelathini na kimoja vya upuuzi huu, hiki ndicho nitakachomwonyesha mama yangu bila kuomba radhi.

Tazama, uniambie.

Shelly


Davenport
21 Novemba 1980

Rifkin,

Nimetazama, nakuambia.

Danny wa Nebraska, sawa. Nywele nyeusi, sawa. Ng'ombe wa kwanza, jina jipya. Wa pili, jipya. Nikahesabu mpaka sita, nikaanza kupumua. Kisha kijana wako akageuza kichwa kwenye mto, akasema, "Halafu Mke wa Mchungaji. Anakupiga teke huku anakutazama kwa upole."

Na watu wakacheka.

Mtoto anakufa, na watu wako wasioonekana wakacheka, wakacheka vizuri kabisa, mmoja akapaliwa. Hata hapo uliponiahidi!

Ulibadilisha kumi. Kumi, Rifkin! Kwa nini ulimwacha yule mmoja?

Yule mama anatazama na wanawake saba. Mmoja wao ndiye huyo mke wa mchungaji. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi muuguzi nilipaswa kulijua hilo kabla ya watu wote. Lakini nilitaka kuumbuliwa na kifo, siyo na kichekesho.

Kolbeck


Los Angeles
26 Novemba 1980

Ardis,

Sina utetezi, nina maelezo tu, na najua kwamba hayafanani.

Vicheko kwanza. Mapatano yanasema palipo na damu. Nyuma ya shuka hapakuwa na damu, kwa sababu mimi mwenyewe niliiondoa ili kituo kikubali tuonyeshe wakati watoto hawajalala. Kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi, pale ni mahali pa kucheka. Jamaa wa vicheko ana mashine yenye vitufe. Anakaa peke yake, hajui wewe ni nani. Alisikia jina la kuchekesha, akabonyeza.

Ng'ombe. Wakili hukagua majina ya watu. Nilimwandikia majina mapya kumi na moja, naapa. Usiku wa mwisho nikalirudisha moja. Niliandika "Shangazi Mkali", nikaandika "Bibi Afya", yote yamekufa kwenye karatasi. Lile lako lilikuwa hai. Ardis, mimi ni mwandishi wa vichekesho, jina kama lile haliji mara mbili. Nilijiambia, Wisconsin yote ina mabibi wangapi wanaotazama?

Barua zimetujia magunia. Akina mama wanaandika kwamba sasa wanajua kuna mtu aliwashika mikono watoto wao. Kitarudiwa Julai. Nitang'ang'ana vicheko viondolewe.

Mama yule ameona?

Sheldon


Davenport
28 Novemba 1980

Mama Tveten mpendwa,

Heri ya Sikukuu ya Shukrani iliyopita jana. Hapa bata mzinga alinikaukia, nikamla hivyohivyo na mchuzi mwingi. Theluji imefika kwenu? Nasikia Alhamisi ya wiki iliyopita umeme ulikatika sehemu nyingi za magharibi ya Wisconsin, nikakuwaza. Kama mlikosa kipindi chenu, hamkukosa kitu. Nilisikia hospitalini kwamba hakikuwa kizuri, mambo ya kubuni matupu.

Magoti vipi? Yapake mafuta ya joto, usimsikilize Palmer.

Mwanao,
Ardis


Viroqua
8 Desemba 1980

Ardis,

Umeme haukukatika.

Nitakueleza ilivyokuwa. Kijana alipoanza kuwataja ng'ombe, Bi Sather alisema, "Huyu mtoto wa watu anaumwa anahesabu mifugo!" Sikujali. Watoto wengi wa mashamba huhesabu ng'ombe. Majina sikuyajua. Kisha akataja lile, na teke lake, na upole wake.

Nikacheka.

Nataka ulijue hilo. Kabla ya watu wa kwenye televisheni kucheka, mimi nilicheka peke yangu, kwa sauti, kama mwendawazimu. Kwa muda wa pumzi moja Orrin alikuwa chumbani na alikuwa amevunja kiapo chake mbele ya Bi Sather mwenyewe, na mimi nilikuwa najiandaa kumkaripia. Kisha wenzangu wakacheka, Bi Sather akacheka kuliko wote, hajui kwamba anajicheka yeye. Ndipo nikaelewa kwamba niliyemsikia si wa Nebraska. Jina nilikuandikia mimi mwaka jana, ila kwamba alikuwa wa saba kwa zamu sikukuandikia.

Nikawaomba waende nyumbani mapema. Nikakaa.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yako ilikuwa ya miaka ishirini na tisa, na bado juzi unairefusha kwa theluji na mafuta ya magoti. Niliwasomea watu barua yako, Ardis. Nilisimama nikawasomea.

Sikuulizi kwa nini uliandika ule uongo. Pengine ningeandika vilevile. Nakuuliza jambo moja. Kijana wa kwenye televisheni alifika ng'ombe wa tisa, yule muuguzi akiwa amemshika mkono, ndipo akafa. Orrin alifika wa ngapi? Na wewe ulimshika mkono hivyo?

Usinijibu kwa upole. Ng'ombe wangu mmoja alikuwa na upole huo.

Borghild Tveten


Davenport
13 Desemba 1980

Mama Tveten,

Alifika wa mwisho. Dagny, Siagi, Malkia, Shangazi Inga, Kidoti, Mvivu, Mke wa Mchungaji, Jumapili, Solveig, Kiguru, Bibi Harusi. Nimeyaandika bila kusimama. Siku nzuri na mbaya, nikikosha mikono kabla ya upasuaji, ndiyo yanayonijia.

Alifika wa mwisho mara tatu.

Hakuwa anataja tu. Alikuwa anakamua. Mikono ilikuwa juu ya blanketi na vidole vinakwenda, na kila akimaliza mmoja alikuwa akisogea kidogo kwenye machela, kama anavuta kigoda. Wewe unajua ng'ombe kumi na mmoja kwa mkono huchukua muda gani. Rifkin nilimwambia saa mbili. Zilikuwa karibu tano.

Sikumshika mkono. Hilo nalo nilimdanganya, kwa sababu alikuwa kimya sana kwenye simu na nilitaka anifikirie vizuri. Nilipita mara nne. Mara ya kwanza alikuwa kwa Kidoti, nikamlowesha midomo. Mara ya pili alikuwa kwa Malkia, nikadhani amechanganya akarudi nyuma, kumbe ameanza upya. Nilipogundua kwamba ameanza upya nilisimama, shuka liko mkononi. Mtu mwenye nguvu za kuwakamua ng'ombe wote na kuanza tena si mtu wa kuachwa nyuma ya shuka. Nililijua hilo palepale. Ilikuwa nimwite daktari, niseme, "Nimekosea, mleteni huyu."

Sikumwita. Meza ilikuwa imepata nafasi, machela iliyofuata ilikuwa mlangoni, na nilikuwa na saa ishirini na sita bila kuketi. Nikajiambia ni homa inayomsemesha. Nilimwona mara mbili tena, na mara zote mbili nilipita haraka, ingawa kupitia shuka nilimsikia kila alipomfikia Bibi Harusi. Waliponiita kumfunika, vidole vilikuwa vimekunjwa bado.

Huenda angekufa mezani. Madaktari wawili wameniambia hivyo, kwa nyakati mbalimbali, bila mimi kuwaambia kwa nini nauliza. Sijui. Nimekuwa mwanao miaka yote hii kwa sababu sikutaka kujua.

Ukisema nije, nitakuja.

Ardis


Los Angeles
19 Desemba 1980

Ardis,

Habari njema! Wamekubali. Kipindi cha Julai hakitakuwa na kicheko hata kimoja. Na kuna fununu ya tuzo. Nikipanda jukwaani nitakutaja jina, nikikosa kukutaja unipige mawe.

Mwambie yule mama, kama hajaona, asubiri hicho cha Julai.

Shelly


Viroqua
29 Desemba 1980

Bi Kolbeck,

Barua yako nimeipata siku moja kabla ya Krismasi. Mwaka huu sikuoka mikate ya viazi.

Ng'ombe kumi na mmoja kwa mkono ni saa moja na nusu, kama Mke wa Mchungaji hajamwaga ndoo. Mara tatu. Nimekwenda zizini kwa Palmer nikaketi kwenye kigoda muda wote huo, saa nne na nusu, mikono mitupu. Palmer alikuja kunivuta, nikamwambia aniache. Nyumbani hakuwahi kumfikia Bibi Harusi, usingizi ulimchukua daima. Siku ile nadhani alikuwa anautafuta.

Usije. Kina mama bado wanakuja Alhamisi, lakini televisheni tunaizima na tunafuma. Bi Sather aliniuliza barua ile nzuri ya muuguzi iko wapi, nimsomee tena. Nimemwambia siku hizi macho hayaoni.

Ile ya 1951 nakurudishia humu. Ni nzuri kuliko hii mpya, ila haimhusu mwanangu. Hii mpya ndiyo niliyoiweka kwenye Biblia.

Borghild Tveten